Anayepitiwa na aliyechoka

"Dokta, mnayo hii dawa ya uchovu?"

Kila anayekaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa huitwa dokta, hilo nimeshalizoea. Nisichokizoea ni hilo jina la pili. Huyu ni mtu wa tatu mwezi huu kunionyesha kwenye simu picha ya pakiti ya modafinili, na wote watatu wameiita dawa ya uchovu.

Maana yenyewe ni fupi. Modafinili ni dawa ya kumfanya mtu akae macho mchana, kwa yule ambaye usingizi humvamia kwa ugonjwa hata kama usiku alilala vya kutosha. Huandikwa na daktari, humezwa asubuhi, na wenye ugonjwa uitwao nakolepsi huweza kuitumia miaka na miaka. Ilitengenezwa Ufaransa; Marekani iliiruhusu mwaka 1998. Basi.

Tuje kwenye neno. Ukisema "nimechoka", mwenye kitendo ni wewe. Umelima, umeuguza, umepanda ngazi na ndoo kichwani, umechoka. Usingizi hausemwi hivyo. Usingizi unakushika, unakuchukua, unakupitia, na wewe unageuka mtendwa: nilipitiwa. Aliyepitwa na kituo chake kwenye daladala hasemi "nilichoka nikapitiliza". Anasema alipitiwa, na kila mtu anaelewa kwamba hakupanga, na kwamba pengine hata hakuwa na kazi yoyote ya kumchosha siku hiyo. Mtu anaweza kuchoka hoi, akajilaza kitandani, asipate hata lepe. Mwingine ameamka vizuri, ana nguvu zake, na saa nne asubuhi kidevu kiko kifuani katikati ya mazungumzo.

Daktari Mfaransa Gélineau, aliyeupa ugonjwa wa nakolepsi jina lake mwaka 1880, aliunga maneno mawili ya Kigiriki: moja la kufa ganzi na kuzubaa, jingine la kushika, kukamata. Mgonjwa wake alikuwa mfanyabiashara wa mapipa ya mvinyo. Yaani jina la kitaalamu linalotutisha linasema kitu kilekile ambacho bibi yangu angekisema bila kwenda shule: kashikwa. (Neno hilohilo la kushika limo pia katika jina la Kigiriki la kifafa. Na kweli wapo wenye nakolepsi wanaodhaniwa wana kifafa, kwa kuwa wakicheka sana au wakishtuka magoti hulegea wakaanguka, ilhali akili iko timamu na wanasikia kila neno.)

Madaktari nao wanazitenganisha hali hizi. Mwaka 1991 Murray Johns wa Melbourne alitunga maswali manane ambayo hadi leo hutumika kupima usingizi wa mchana. Kila swali lina alama kuanzia 0 hadi 3, jumla 24, na ukipita 10 wanaanza kukuangalia kwa makini. Hakuna hata moja linalouliza umechoka kiasi gani. Yanauliza una uwezekano gani wa kusinzia: ukisoma, ukitazama televisheni, ukiwa abiria kwa saa nzima, ukiwa garini na gari limesimama dakika chache kwenye foleni.

Wiki iliyopita nilimwuliza mama mmoja, mwenye picha ileile, "Mama, unasinzia au umechoka?" Akanijibu, "Si ndiyo hiyo hiyo, mwanangu?" Kumbe akipanda kilima kidogo moyo unamwenda mbio, na vidole vyake nilivyovitazama vilikuwa vyeupe. Hasinzii kabisa. Yule ni wa kwenda kupimwa wingi wa damu. Angekuja mwingine ana tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, mwingine ana sonona, na wote watatu wangesema "nimechoka" kwa haki kabisa, na kidonge cha kukaa macho kisingewatibu hata mmoja. Hata kwa maltipo sklerosisi, ugonjwa wa mishipa ya fahamu ambao uchovu ni moja ya mateso yake makubwa na dawa hii imekuwa ikiandikwa sana, jaribio lililochapishwa mwaka 2021 lilikuta kwamba haikuushinda uchovu huo kuliko kidonge kisicho na kitu ndani.

Nakiri Kiswahili nacho kina mtego wake. "Dawa ya minyoo" inaondoa minyoo. "Dawa ya mapenzi" inaleta mapenzi. "Dawa ya usingizi" je? Dukani maana yake ni inayoleta usingizi. Kwenye chumba cha upasuaji ni ya ganzi ya mwili mzima. Mlinzi mmoja wa zamu ya usiku aliwahi kumtuma bodaboda aje kununua "dawa ya usingizi", naye alitaka ya kuufukuza. Bahati nilimpigia simu kwanza. Huenda ndiyo sababu watu wamekimbilia "dawa ya uchovu", kuukwepa mtego huo. Lakini "dawa ya kukaa macho" ipo, haimdanganyi mtu, na si ndefu kiasi hicho.

Sasa hilo la miaka na miaka. Kwa mwenye nakolepsi, hasa huyo mwenye kulegea magoti, chembe za ubongo zinazotengeneza oreksini, ile kemikali inayotuweka macho, zimekufa na hazioti tena. Kwa hiyo anameza kidonge kama mwenye presha anavyomeza chake, na hakuna anayemwita mwenye presha teja. Ila dawa ya muda mrefu ina masharti ya muda mrefu. Presha na moyo hupimwa. Vipele vikitokea inaachwa na daktari anaonwa mara moja. Mwenye ujauzito haifai. Na jambo ambalo wanaume wanaowaletea wake zao dawa hii kutoka safarini hawalijui: inapunguza nguvu ya vidonge vya majira, ya sindano na ya vijiti, wakati wa kuitumia na angalau mwezi mzima baada ya kuiacha. Tena ukiimeza jioni utakesha, kwa maana inachukua saa kumi na mbili au zaidi kupungua nusu tu mwilini.

Marekani baadaye iliiruhusu pia kwa wafanyakazi wa zamu na kwa wanaokatika pumzi usingizini, hao wa pili kwa kuongezea juu ya matibabu ya pumzi, si badala yake. Ulaya mwaka 2010 wakala wao wa dawa ulipendekeza ibaki kwa nakolepsi tu, kwa ajili ya madhara ya ngozi na ya akili. Hata huko waliko na daftari nene za kumbukumbu, hawajakubaliana.

Yule wa tatu, wa leo, ni dereva wa lori, anakwenda Tunduma. Mirungi ameiacha, anasema, anataka kitu cha kistaarabu. Nikamwuliza analala saa ngapi. Tatu, akibahatika nne. Kaka, nikamwambia, hiyo si ya uchovu, na wewe bado hatujui kama una ugonjwa, hujalala. Sikumuuzia, na hakukasirika sana. Nimemwomba akirudi alale wiki nzima saa saba au nane kwa usiku. Akiona bado anapitiwa mezani, sahani iko mbele yake, aende hospitali, na akikaa kwa daktari asianze na "nimechoka", atapewa vitamini. Aseme "napitiwa".