Nani asaini kwanza? Usajili wa wachezaji huru NBA chini ya ukomo wa mishahara

Kila mwezi Julai, wachezaji huru (waliomaliza mikataba yao) wanaposajiliwa, mashabiki wa kikapu hulalamika: ligi ina ukomo wa mishahara, yaani kikomo cha jumla ya mishahara ya kikosi, mbona timu fulani imeupita kwa mamilioni na bado inasajili? Hakuna sheria iliyovunjwa. Ukomo wa NBA ni laini. Unaizuia timu kuchukua mchezaji wa nje kwa fedha zinazozidi nafasi iliyobaki chini ya ukomo, lakini una milango kadhaa halali ya kuupita. Ugumu ni kwamba ukipita mlango mmoja, mwingine unafungwa nyuma yako. Kwa hiyo mimi nikichambua usajili, naanza na mpangilio wa saini, kisha ndipo naangalia ukubwa wa mikataba.

Mfano bora ni Philadelphia 76ers (Sixers) wa mwaka 2024. Ukomo wa msimu wa 2024-25 ulikuwa dola milioni 140.6. Joel Embiid alikuwa anachukua milioni 51.4. Sixers walimtaka Paul George, ambaye kwa miaka yake ligini aliruhusiwa kulipwa hadi asilimia 35 ya ukomo, yaani milioni 49.2. Kisha kulikuwa na Tyrese Maxey, aliyemaliza mkataba wake wa chipukizi (mkataba wa kwanza wa mchezaji mpya ligini) na kustahili asilimia 25, yaani milioni 35.1.

Jumlisha hao watatu: milioni 135.7. Inaonekana wanaenea, lakini hawaenei. Timu yenye wachezaji chini ya 12 kwenye hesabu hutozwa mshahara wa chini wa chipukizi kwa kila nafasi iliyo wazi kikosini, mwaka ule takriban milioni 1.16. Nafasi tisa ni zaidi ya milioni 10, na tayari ukomo umepitwa.

Sasa wabadilishe mpangilio. Mkataba wa mchezaji ukiisha, jina lake halitoki kwenye vitabu vya timu. Linabaki na kiasi cha muda kinachoshikilia nafasi yake, hadi asaini au timu iachie haki zake za kumbakiza. Kwa mchezaji anayetoka kwenye mkataba wa chipukizi na aliyekuwa akilipwa chini ya wastani wa ligi, kiasi hicho ni asilimia 300 ya mshahara wake wa mwisho. Maxey alikuwa analipwa milioni 4.34, hivyo alihesabiwa kama milioni 13 tu. Embiid 51.4, Maxey 13, George 49.2, na nafasi tisa tupu: jumla ni kama milioni 124. Zinabaki milioni 16 hivi za kuongeza watu. George akishasaini, Maxey anapewa mkataba wake wa miaka 5 wa milioni 204, na timu inaupita ukomo kihalali kwa sababu ni mchezaji wake mwenyewe. Kelly Oubre naye alibaki kwa njia ya ruhusa ndogo wanayopewa waliotumia nafasi yao yote chini ya ukomo, milioni 7.98 kwa mwaka wa kwanza.

Mpango huo ulianza mwaka mmoja kabla. Kiangazi cha 2023 Maxey angeweza kuongezewa mkataba mapema, na mshahara mpya ungeingia vitabuni kamili siku ileile ya kwanza ya Julai 2024. Ilibidi akubali kusubiri, na aliyebeba hatari ya kuumia katika msimu ule ni yeye, si timu. Wanaousifu mpango huu husahau sehemu hiyo.

Kiasi cha kushikilia nafasi kinaweza pia kukuumiza. Tobias Harris alitoka kwenye mshahara wa milioni 39 na ushee. Mchezaji mkongwe mwenye haki kamili (nazieleza aya inayofuata) anayelipwa juu ya wastani huhesabiwa asilimia 150, ila haivuki kiwango cha juu anachostahili, hivyo Harris peke yake alikalia milioni 49.2. Bila yeye kusaini kwingine (alikwenda Detroit) au Sixers kuachia haki zake, George asingeingia. Na haki ukishaziachia, hazirudi.

Haki zenyewe zinaitwa haki za Bird, kwa jina la Larry Bird wa Boston Celtics, na zinakua kwa muda. Misimu mitatu bila kuhama kama mchezaji huru inakupa haki kamili: timu inaweza kukulipa hadi kiwango chako cha juu hata ikiwa juu ya ukomo. Misimu miwili inaruhusu asilimia 175 ya mshahara uliopita au asilimia 105 ya wastani wa ligi, kubwa kati ya hizo. Msimu mmoja ni asilimia 120 tu. Ukibadilishwa kwenda timu nyingine ukiwa ndani ya mkataba, hesabu inaendelea. Ukihama kama mchezaji huru, inaanza upya.

Watu wa Lubumbashi wanajua kilichompata kijana wao Bismack Biyombo. Alijiunga na Toronto Raptors mwaka 2015 kwa mshahara wa chini ya milioni 3, na Mei 2016 alivuna ribaundi 26 katika mechi moja ya fainali ya Mashariki dhidi ya Cleveland. Wiki chache baadaye akawa mchezaji huru. Raptors walimpa DeMar DeRozan, waliyekuwa naye tangu 2009, milioni 139 kwa miaka 5 kwa haki kamili za Bird. Kwa Biyombo walikuwa na haki za msimu mmoja, na hata ruhusa ya mshahara wa kati (inayoiwezesha timu iliyo juu ya ukomo kusajili mchezaji kwa kiasi maalumu) mwaka ule haikufika milioni 6. Orlando Magic walikuwa na nafasi chini ya ukomo, wakampa milioni 72 kwa miaka 4. Waliosema Toronto hawakumthamini walikosea, vitabu havikuwaruhusu.

Tangu makubaliano ya 2023 kati ya ligi na chama cha wachezaji, kikwazo kikubwa zaidi ni mistari miwili inayoitwa aproni, iliyo juu ya kiwango cha kodi ya anasa (kodi ya timu zenye mishahara mikubwa mno). Msimu wa 2024-25 ya kwanza ilikuwa milioni 178.1 na ya pili milioni 188.9. Ukitumia ruhusa kamili ya mshahara wa kati (milioni 12.8 msimu ule), au ukipokea mchezaji aliyesainishwa na timu yake kisha kuletwa kwako kwa mabadilishano, aproni ya kwanza inageuka ukuta hadi 30 Juni. Hapo huruhusiwi kuupita hata kwa dola moja, hata kama nusu ya kikosi imeumia. Kosa linalojirudia ni kusahau bonasi. Bonasi ambayo mchezaji hakuifikia msimu uliopita haihesabiwi kwenye ukomo, lakini kwenye aproni inahesabiwa yote.

Aliye juu ya aproni ya pili hana ruhusa ya mshahara wa kati kabisa, na hawezi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili kumpata mmoja wa bei kubwa. Ndiyo maana Los Angeles Clippers, timu aliyotoka George, waliokuwa na haki kamili za kumlipa, walimwacha aende. Taarifa yao ilitaja wazi vizuizi vya makubaliano mapya.

Kwa timu zilizo karibu na mistari hii, mwisho wa benchi unahesabiwa kwa senti. Msimu wa 2024-25, mkongwe wa miaka 10 na zaidi aliyesaini mkataba wa mwaka mmoja wa mshahara wa chini kabisa alilipwa kama milioni 3.3, lakini timu ilihesabiwa milioni 2.09 na ligi ililipa zilizobaki. Mpe miaka miwili, nafuu hiyo inapotea. Kijana ambaye hakuchaguliwa kwenye drafti (uteuzi wa kila mwaka wa wachezaji wapya) naye msimu ule alihesabiwa milioni 2.09 kwenye kodi na aproni, ingawa alilipwa 1.16. Aliyechaguliwa raundi ya pili huhesabiwa kile anacholipwa, na tofauti hiyo ya takriban laki tisa ikitokea mara mbili tatu ndiyo inayoamua kama nafasi ya 15 itajazwa Oktoba au itaachwa wazi hadi Machi.