Sumaku kwa mgonjwa anayepaliwa

Ndugu wa wagonjwa wanaopaliwa baada ya kiharusi hapa Dodoma siku hizi wananiuliza sana kuhusu tiba ya sumaku. Wameona video kwenye simu: mgonjwa anashikiziwa koili kichwani, kisha anakunywa maji. "Dokta, kwa nini baba asifanyiwe hiyo?" Tiba hii ina msingi wa kweli, ila inasimuliwa nusunusu.

Kwanza, msiichanganye na bangili za sumaku zinazouzwa stendi. Sumaku iliyotulia haizalishi umeme mwilini. Hii ni koili ya waya inayopitishiwa umeme mkali kwa muda mfupi mno, kufumba na kufumbua ni kurefu kuliko huo. Nguvu ya sumaku inapanda na kushuka ghafla, inapenya fuvu, na kule kubadilika ndiko kunakoziamsha seli za ubongo zilizo chini ya koili. Anthony Barker na wenzake waliionyesha kule Sheffield, Uingereza, mwaka 1985. Marekani iliiruhusu kutibu sonona mwaka 2008. Kwa shida ya kumeza, bado iko zaidi mikononi mwa watafiti.

Mkono wa kulia huongozwa na upande wa kushoto wa ubongo. Koo huongozwa na pande zote mbili, ingawa kwa kawaida mmoja una nguvu zaidi. Shaheen Hamdy na wenzake huko Manchester walichora ramani ya sehemu za ubongo zinazoongoza koo kwa sumaku hii hii miaka ya 1990, wakaona kwamba kwa wagonjwa waliorudi kumeza, upande usioumia ndio uliokuwa umepanua eneo lake linaloongoza koo. Nalipenda sana jambo hili. Linaeleza kwa nini wengi hurudi kumeza ndani ya wiki chache bila mashine yoyote.

Mapigo ya sumaku matano au zaidi kwa sekunde huamsha ubongo; pigo moja kwa sekunde huutuliza. Wengine huamsha upande ulioumia, wengine ule mzima, na wapo wanaoweka koili chini ya kidevu ili kukaza misuli inayoinua kikoromeo. Tafiti zinatia moyo, lakini nyingi ni ndogo na kila moja ina vipimo vyake. Nionavyo mimi, kazi ya sumaku ni kuuandaa ubongo upokee mazoezi. Mazoezi yenyewe hayakwepeki. Mwenye betri ya moyo, chuma kichwani au kifafa asiikaribie kabla daktari hajamchunguza.

Kitandani nafanya hivi. Namkalisha mgonjwa wima, nampa kijiko kidogo cha maji, naweka vidole kooni: "Meza, mzee." Kikoromeo kinatakiwa kipande mara moja. Kisha namwambia aseme "aaa". Sauti ikitoka ya majimaji, naingiwa na wasiwasi hata kama hakukohoa, maana wapo wanaopaliwa kimyakimya.

Maji matupu hukimbia kuliko koo lililolegea. Uji mzito hushuka taratibu, na mlenda laini uliokolea nao mara nyingi huwafaa wazee wetu, mradi wamepimwa kwanza. Ugali mkavu na zabibu nzima visubiri. Kinywa kisafishwe kila siku, hata kwa anayelishwa kwa mpira, kwa sababu mate yenye bakteria yakiingia mapafuni huleta nimonia.