Lugha ya ishara si moja dunia nzima

Wengi huamini kwamba viziwi wote duniani wanatumia lugha moja ya ishara, na kwamba lugha yenyewe ni maigizo ya mikono tu. Yote mawili si kweli.

Kiziwi wa Marekani na wa Uingereza hawaelewani kwa ishara, ingawa majirani zao wanaosikia huongea Kiingereza kilekile. Huyo wa Marekani atapata nafuu zaidi kwa kiziwi Mfaransa: mwaka 1817 Laurent Clerc, mwalimu kiziwi kutoka Ufaransa, alishiriki kuanzisha shule ya viziwi huko Hartford, Marekani, na ishara alizokwenda nazo zikaota mizizi.

Wanaisimu, yaani wataalamu wa lugha, nao walichelewa kugundua kwamba ishara ni lugha kamili wala si maigizo, tena sana. Ni mwaka 1960 ndipo William Stokoe, mwalimu katika Gallaudet, chuo cha viziwi huko Marekani, alipoonyesha kwamba ishara hujengwa kwa vipande vidogo: umbo la mkono, mahali unapowekwa na namna unavyosogea. Chukua ishara ya Kimarekani ya "mama": vidole vitano vimetanuliwa, gumba linagusa kidevu. Pandisha mkono huohuo hadi kwenye paji la uso, umeshasema "baba". Ndivyo "pata" na "bata" zinavyotenganishwa na sauti moja.

Hata ubongo hauzichukulii kama maigizo. Kiziwi aliyepata kiharusi upande wa kushoto wa ubongo anaweza kushindwa kuunda ishara zake sawasawa, na bado akaweza kuigiza vitendo vya kawaida kwa mikono hiyohiyo.