Nani Anamlea Mwanafunzi Aliyepanga Geto?

Ustawi wa mwanafunzi ukitajwa kwenye kikao cha wazazi, mazungumzo huwa ya viboko, michango, walimu wa sayansi na matokeo ya Kidato cha Pili. Yote hayo ni ya msingi. Lakini sisi tunaoshughulika na afya ya akili ya vijana huku Nyanda za Juu Kusini tungependa kikao kimoja kijadili geto, yaani kile chumba cha kupanga, nyuma ya duka au pembeni ya uwanja wa mnada, ambamo mtoto wa Kidato cha Kwanza anaishi peke yake au na mwenzake wa rika lake.

Asili ya jambo hili inajulikana. Shule za kata zilijengwa kwa wingi kuanzia mwaka 2004 chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES), zikawafikisha sekondari watoto ambao zamani wangeishia darasa la saba. Januari 2016 ada ikafutwa kuanzia Kidato cha Kwanza hadi cha Nne. Ila kufutwa kwa ada hakukufupisha njia. Kata za Makete, Rungwe au Mufindi ni za milima na mabonde, na kuna vitongoji ambavyo mtoto akienda shule na kurudi kila siku kwa miguu, nguvu zote zinaishia njiani. Hosteli ama hakuna, ama imejaa. Basi mzazi anatafuta chumba karibu na shule, ananunua godoro, ndoo na sufuria mbili, anaacha debe la mahindi na maharage, anarudi shambani. Mtoto ana miaka 14.

Mzazi huyo simlaumu, maana njia nyingine hana. Ninachokikataa ni ile dhana kwamba mtoto akishapangiwa chumba amekuwa mtu mzima. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kuwa mtoto hadi atimize miaka 18, na wajibu wa kumlisha na kumlinda haukai kwenye mkataba wa chumba.

Maisha ya geto hayana maajabu, na ndiyo maana hayaonekani. Kengele ya kutoka ikigonga, mwanafunzi anateka maji, anatafuta kuni, anapika, anafua. Anapofungua daftari giza limeshaingia. Wiki ya tatu unga unapungua, anaanza kula mara moja kwa siku, na hamwambii mtu kwa sababu anajua nyumbani nako hali ni ngumu. Darasani anasinzia. Kijana wa umri huo anahitaji kulala kwa muda wa saa 8 hadi 10 kila usiku, naye hazipati, lakini kwenye daftari la mwalimu anasomeka kama mvivu na mchelewaji. Mwalimu, kabla ya kumpa adhabu, muulize swali moja tu: "Mwanangu, jana usiku umekula nini?" Jibu lake, au ukimya wake, litakueleza mengi kuliko alama za jaribio la mwezi.

Kwa wasichana njaa hiyo ina wateja wake. Anayempa lifti ya bodaboda leo, kesho vocha, keshokutwa chipsi, anajua vizuri kwamba pale chumbani hakuna baba wala mama. Na mimba ikitokea, mlango wa shule haujafungwa: tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliojifungua, kurudi kwenye mfumo rasmi. Kuna wazazi ambao bado hawalijui hilo, wanamwozesha binti haraka haraka.

Kuna hatari nyingine ya huku kwetu kwenye baridi. Kuanzia Juni hadi Agosti wanafunzi huingiza jiko la mkaa ndani, wanafunga mlango na dirisha, wanalala. Mkaa unaowaka unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala anaweza asiamke kabisa. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Jiko likae nje. Blanketi la pili ni gharama, najua, lakini liwekwe kwenye orodha ya mahitaji ya shule sawa na sweta.

Halafu wapo wanafunzi wenye mzigo wasioweza kuutaja. Njombe, Iringa na Mbeya ni kati ya mikoa yenye maambukizi makubwa ya VVU nchini, na baadhi ya vijana walio sekondari leo walizaliwa na virusi. Wengine wamelelewa na bibi tangu utotoni. Anayekaa geto na wenzake anaficha dawa kwenye soksi, anavizia wenzake watoke ndipo ameze, siku nyingine anaruka dozi. Akiomba ruhusa ya kwenda kliniki, asihojiwe mbele ya darasa. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kutangaza hali ya mtu bila ridhaa yake, na hilo linamhusu mwalimu wa zamu sawasawa na muuguzi.

Upweke wa muda mrefu unaweza kugeuka ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18. Ukiona kwa wiki mbili au zaidi kijana amejitenga, ameacha mpira au kwaya aliyoipenda, halali au analala mno, anagawa vitu vyake, anasema yeye ni mzigo, usimwambie aache uvivu au akasali zaidi. Mwombeeni, sawa, lakini mkae naye pia. Muulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Watu wanaogopa kwamba swali hilo litampandikizia wazo. Halimpandikizii, kwa wengi linafungua koo. Akikubali, usimwache peke yake: mpeleke kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo. Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ni bure, na anaweza kuipiga mtoto mwenyewe au mtu mzima anayemhofia.

Nani afanye haya? Mwalimu wa unasihi mara nyingi ni mmoja, ana vipindi vyake na wanafunzi mamia. Kwa hiyo napendekeza jambo la gharama ndogo: kila geto liwe na mtu mzima anayejulikana kwa jina. Mwenye nyumba ndiye wa kwanza, maana yeye anaona taa ikizimwa na mgeni akiingia. Mkuu wa shule awe na orodha ya vyumba vyote wanavyokaa wanafunzi wake, pamoja na namba ya mwenye nyumba na ya mzazi, na nakala iwepo kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Mwalimu wa darasa apite jioni, si kwa ukaguzi wa kufumania, bali kwa hodi ya kawaida. Na mahindi na maharage ya mchana wazazi wakubaliane mapema, Januari, kabla ghala hazijapungua, kwa sababu mlo wa shuleni ndio pekee ambao mtoto wa geto hahitaji kuupika.

Nawe mzazi, safari ijayo ukipeleka unga, usirudi na gari lile lile. Lala pale usiku mmoja, uone mlango unavyofungwa, choo kilipo, na nani anagonga baada ya saa tatu.