Je, wajua kwa nini WhatsApp ya kwenye kompyuta imejengwa upya mara mbili?

Kama unatumia WhatsApp kwenye kompyuta ya Windows kwa miaka mingi, umeshapitia programu tatu tofauti, na huenda hukujua, kwa sababu jina na rangi ya kijani vilibaki vilevile. Ya kwanza ilitoka mwaka 2016. Ndani yake ilikuwa ni ileile WhatsApp ya kwenye kivinjari iliyozinduliwa Januari 2015, ila safari hii ilifungashwa pamoja na kivinjari chake. Mwaka 2022 ikaja ya pili, iliyoandikwa upya mahsusi kwa Windows: nyepesi, ya haraka, na isiyodai simu yako iwe hewani muda wote. Kisha mwaka 2025 hiyo ya pili ikaanza kuondolewa, na mahali pake ukarudi ukurasa wa wavuti ndani ya dirisha. Wenye kompyuta zenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ndogo ndio walioumia zaidi.

Meta, kampuni inayomiliki WhatsApp, ina fedha na ina wahandisi wa kila aina. Kwa nini iache kitu chepesi ichukue kizito? Swali hilo linafanana sana na lile linalomkosesha usingizi kijana aliyepewa kazi ya kutengeneza mfumo wa maduka matatu ya vifaa vya ujenzi, utakaotumika kwenye kompyuta ya kaunta na kwenye simu ya mwenye mali. Nijenge juu ya jukwaa gani, yaani kwa lugha na zana zipi?

Tuanze na shida yenyewe. Programu haichori chochote kwenye skrini kwa mkono wake. Huuomba mfumo endeshi, kama Windows au Android: nichoree kitufe hapa, nifungulie kamera, nihifadhie faili hili. Na kila mfumo endeshi una namna yake ya kuombwa. Anayeandikia iPhone hutumia Swift, lugha ambayo Apple waliitangaza mwaka 2014. Anayeandikia Android hutumia Kotlin, ambayo Google waliipokea rasmi mwaka 2017 ikae pamoja na Java. Windows nayo ina zana zake. Programu inayoandikwa hivyo, kwa lugha na zana za mfumo husika, tuiite programu asilia. Hakuna inayoishinda kwa wepesi, lakini ukitaka huduma moja ikae Android, iPhone na Windows, unaandika kitu kilekile mara tatu. Wala kuandika si sehemu ngumu. Ngumu ni kutunza. Mteja akitaka rangi ya risiti ibadilike, inabadilishwa mara tatu, inajaribiwa mara tatu, na makosa mapya yanatafutwa mara tatu, miaka yote ambayo programu itaishi.

Katikati ya mgawanyiko huo kuna kitu kimoja ambacho karibu kila simu janja na kila kompyuta inacho: kivinjari. Ukurasa uliouandika Tabora unafunguka kwenye Tecno, kwenye iPhone na kwenye kompyuta ya ofisini, kwa sababu vivinjari vyote vinajua HTML, CSS na JavaScript, lugha zinazounda kurasa za wavuti. JavaScript yenyewe ilizaliwa Mei 1995 katika kampuni ya Netscape, Brendan Eich alipotengeneza toleo lake la kwanza kwa siku 10. Haikukusudiwa kubeba programu nzito. Ilikusudiwa kuzipa kurasa uhai kidogo. Leo ndiyo lugha inayojulikana na watengenezaji wengi mno, na jambo hilo lina uzito wake, kwa sababu jukwaa ambalo hupati mtu wa kulitunza mjini kwako ni jukwaa baya hata kama ni zuri.

Mwaka 2013 wahandisi wa GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo (maandishi yanayounda programu), walikuwa wanajenga kihariri cha msimbo kilichoitwa Atom, wakataka kutumia ujuzi wa wavuti kutengeneza programu ya kompyuta. Cheng Zhao akatengeneza ganda la kazi hiyo, ambalo tangu 2015 linaitwa Electron. Wazo lake ni rahisi kulieleza: chukua Chromium, yaani msingi uleule wa Chrome, uifunge pamoja na Node.js inayoiwezesha JavaScript kufungua mafaili na kufanya mambo ambayo ukurasa wa kawaida hukatazwa. Weka kurasa zako humo ndani, toa alama za kivinjari, na mtumiaji ataona programu. Slack, Discord na Visual Studio Code zimejengwa hivyo, na WhatsApp ya 2016 ilijengwa hivyo.

Bei yake inaonekana haraka. Programu ya Electron isiyofanya lolote zaidi ya kuandika neno "Habari" inachukua zaidi ya MB 100 kwenye diski, kwa sababu imebeba kivinjari kizima. Ukiwa na tano za namna hiyo, una vivinjari vitano. Ni kama wageni watano kuja nyumbani kwako kila mmoja na jiko lake, magunia yake ya mkaa na masufuria yake, na wote wanataka kupika sebuleni.

Ndipo lilipokuja wazo la kutumia jiko la mwenye nyumba. Windows tayari ina injini ya kivinjari inayoitwa WebView2, inayotokana na Edge. Kompyuta za Apple zina WebKit. Basi kwa nini programu ibebe yake? Mwaka 2023 Microsoft waliihamisha Teams, programu yao ya mikutano, kutoka Electron kwenda WebView2, wakatangaza kwamba toleo jipya linatumia kumbukumbu pungufu kwa asilimia 50. Wapo pia Tauri, waliotoa toleo la 1.0 mwaka 2022, ambao hutumia injini iliyopo kwenye kompyuta na kuandika sehemu ya ndani kwa lugha ya Rust. Programu zao huweza kuwa za MB chache tu. Mwezi Oktoba 2024 toleo lao la 2.0 likaongeza simu. Ila jiko la mwenye nyumba halifanani nyumba zote. Ukurasa uliokaa sawa kwenye injini ya Windows unaweza kupinda kwenye WebKit ya Apple, kwa hiyo muda uliookoa kwenye uzito unaurudisha kwenye kujaribu.

WhatsApp ya 2025 inatumia WebView2. Na ukiitazama kwa macho ya mtengenezaji, mantiki yake inaonekana. Kwenye Mac, WhatsApp inatumia msimbo unaotokana na ule wa iPhone, kwa zana ya Apple iitwayo Catalyst, hivyo kuitunza hakudai kikosi kipya kabisa. Kwenye Windows hakuna ndugu wa kuazima kwake, isipokuwa WhatsApp ya kwenye kivinjari, ambayo lazima itunzwe vyovyote vile. Kitu kipya kikiongezwa kwenye wavuti, kinafika Windows siku hiyohiyo.

Hili ndilo jambo ninalotaka tulishike, maana matangazo ya majukwaa hayalisemi. Gharama ya kuishi kwenye vifaa vingi haifutiki. Inahama. Programu asilia inamwachia mtengenezaji: mishahara zaidi, miezi zaidi. Wavuti uliofungashwa unamwachia mtumiaji: RAM zaidi, diski zaidi, betri zaidi, bando zaidi. Kila anayechagua jukwaa anaamua nani abebe, na mara nyingi anayebebeshwa hayupo kwenye kikao.

Kwenye simu historia ilipita njia nyingine. Juni 2007, iPhone ikiwa inakaribia kuingia sokoni, Steve Jobs aliwaambia watengenezaji kwamba programu zao ziwe kurasa za wavuti ndani ya Safari, kivinjari cha Apple. Hawakuridhika, na Julai 2008 App Store ikafunguliwa ikiwa na programu takriban 500. Wengine wakajaribu kufungasha wavuti kwa PhoneGap, iliyoanza mwaka huohuo wa 2008. Facebook nao waliegemea wavuti ndani ya programu yao ya simu, ikawa nzito na ya kukwama, hadi Septemba 2012 Mark Zuckerberg akakiri hadharani kwamba kuitegemea mno HTML5, yaani teknolojia ya wavuti, lilikuwa kosa kubwa kuliko yote waliyofanya kama kampuni. Simu za wakati ule hazikuwa na nguvu ya kubeba mzigo huo.

Kosa hilo ndilo lililozaa React Native, waliyoitoa kwa umma mwaka 2015. Unaandika JavaScript, lakini badala ya kuchora ukurasa, msimbo wako unauomba mfumo wa simu utoe kitufe chake halisi. Google wakaja na jibu lao, Flutter, toleo la 1.0 Desemba 2018, kwa lugha ya Dart. Flutter haiombi kitufe kwa mtu. Inachora kila nukta yenyewe, kwa hiyo sura ya programu inafanana simu zote, na tangu Mei 2022 inafika Windows, Mac na Linux rasmi. Udhaifu wake uko kwenye kivinjari: huko ukurasa wa Flutter unafunguka taratibu mara ya kwanza, kwa sababu unapakua injini ya kuchorea kabla ya kuonyesha chochote. Na kuandika mara moja si ahadi isiyovunjika. Airbnb walitangaza mwaka 2018 kwamba wanaachana na React Native, kwani badala ya kutunza pande mbili walijikuta wanatunza tatu: Android, iPhone, na daraja la katikati.

Ipo njia ya nne, na kwa maoni yangu inadharauliwa bila sababu. Ni ukurasa wa wavuti unaosakinishwa, unaojulikana kama PWA, jina lililotungwa mwaka 2015 na Frances Berriman na Alex Russell. Unafungua tovuti, unaiweka kwenye skrini ya mwanzo, inapata alama yake kama programu nyingine. Ndani kuna msimbo mdogo unaokaa kati ya ukurasa na mtandao kama karani wa mlangoni: mtandao ukikatika, anatoa nakala aliyoihifadhi. Twitter walitumia njia hii mwaka 2017 kutoa toleo jepesi lililochukua chini ya MB 1 ya simu. Hakuna kupakua MB 40 kwa bando la mtu mwingine.

Ilichelewa kwa sababu Apple walichelewa. iPhone ilianza kumkubali karani huyo Machi 2018, na arifa zikaruhusiwa Machi 2023, tena kwa kurasa zilizowekwa kwenye skrini ya mwanzo tu. Safari pia hufuta data iliyohifadhiwa na ukurasa ambao haujawekwa kwenye skrini ya mwanzo, usipotembelewa kwa siku saba za matumizi ya kivinjari. Duka linalohifadhi mauzo ya siku ndani ya simu lisije likasahau hilo.

Turudi kwa kijana wetu na maduka yake matatu. Watu wengi huanza kwa kuuliza lugha gani iko juu mwaka huu. Ningemwomba aanze na kaunta. Aende akae pale siku nzima. Kompyuta ina RAM kiasi gani? Umeme ukikatika, wauzaji wanahamia kwenye simu ya nani, na ina nafasi? Mwenye mali anataka kuona mauzo tu, au anataka kuyahariri? Kama hesabu ni bidhaa, bei na ripoti, PWA inamtosha kaunta na mfukoni, na hahitaji ruhusa ya mtu kuisambaza.

Kisha aulize kuhusu printa. Hapa ndipo miradi mingi inapojikwaa. Printa nyingi za risiti za bei ndogo huunganishwa kwa Bluetooth ya zamani, wakati mlango wa Bluetooth uliozoeleka ndani ya kivinjari huongea na ile ya nishati ndogo tu, na Safari haina mlango huo kabisa. Printa ya laki moja inaweza kukulazimisha kuhama PWA na kwenda Flutter au React Native. Ni afadhali kulijua hilo wiki ya kwanza kuliko siku ya kukabidhi.

Na ada pia. Akaunti ya kuweka programu Google Play ni dola 25 mara moja. Akaunti mpya ya mtu binafsi hutakiwa kwanza kupata wajaribu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Apple wanataka dola 99 kila mwaka, na zana yao ya kujengea, Xcode, hukaa kwenye Mac tu. Kama wateja wote wa duka wana Android, sioni kwa nini mwenye duka alipie Apple mwaka wa kwanza.

Kuna swali jingine ambalo mtengenezaji wa mjini hulisahau: je, mtumiaji ana simu janja? M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 haikuanza na programu ya kupakua, ilianza ndani ya laini ya simu. Tanzania mpaka leo *150*00# ya M-Pesa inafunguka kwenye kitochi chochote bila bando. Ikiwa mafundi wanaonunua saruji kwa mkopo wana vitochi, sehemu yao ya mfumo iwe SMS, na kompyuta ya kaunta ifanye kazi ngumu.

Ukitaka kujionea nani amekubebesha mzigo, washa kompyuta yako ya Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili dirisha la Task Manager lifunguke, kisha panua mshale ulio kando ya kila programu. Palipo na kivinjari ndani utakuta majina yamejipanga chini yake, mengi yakiwa na neno WebView2 au jina la programu lililojirudia mara nne au tano. Safu ya Memory ipo pembeni, na namba zake zinabadilika ukiwa unazitazama.