Kupe, papasi na mbu: ngao ya mgongoni na homa yako

Mwanangu anayesoma mambo ya mifugo anasema kupe ana "skutumu". Ni kitu gani?

Ni ngao. Neno lenyewe ni la Kilatini na lilitaja ngao ndefu ya askari wa Roma. Wanasayansi wameliazima mara nyingi. Kwa mfugaji wa Bungoma au Njoro, ngao ya maana ni ile ngumu iliyo mgongoni mwa kupe. Dume imemfunika mgongo mzima. Jike imemfunika sehemu ya mbele tu, karibu na kichwa, na ndiyo maana anaweza kunyonya damu hadi avimbe kama punje ya maharagwe.

Na papasi je?

Papasi ni aina ya kupe asiye na ngao hiyo. Ngozi yake ni laini yenye mikunjo. Anajificha kwenye nyufa za kuta na sakafu za udongo, anatoka usiku, ananyonya kwa dakika chache na kurudi mafichoni, hivyo wengi huumwa bila kumwona. Anaeneza homa ya papasi, ile inayopanda, ikatulia siku kadhaa, kisha ikarudi. Kupe mwenye ngao hukaa mwilini siku kadhaa, kwa hiyo ukijikagua utamkuta.

Ng'ombe wangu ana ndigana kali. Nitaambukizwa?

Hapana. Vimelea vya ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, haviwashiki binadamu. Lakini kupe wa ng'ombe wana magonjwa mengine yanayotushika, hasa homa ya kupe inayoletwa na bakteria wa jamii ya riketsia. Mtu hupata homa, kichwa kinauma sana, mitoki inavimba, na mara nyingi pale alipoumwa hutokea kidonda kidogo chenye kigaga cheusi. Hapa ndipo ninapowasihi: sehemu kama Bungoma zina malaria nyingi, na tumezoea kila homa kuiita malaria. Dawa za malaria haziponyi homa ya kupe. Kipimo kikionyesha huna malaria, usinunue dawa zake "kwa usalama". Mwambie daktari waziwazi kwamba unachunga, unakamua au umetoa kupe mwilini, na umwonyeshe kigaga hicho hata kama kiko kinenani. Homa hii inatibika vizuri kwa doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, ila dawa na kipimo chake apange daktari, hasa kwa mjamzito.

Nimtoeje kupe aliyeng'ata?

Tumia kibanio chenye ncha nyembamba. Mshike karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja, polepole, bila kumzungusha. Usimpake mafuta ya taa wala vaselini, usimchome kwa kiberiti, na usimpasue kwa kucha. Osha mahali hapo na mikono kwa sabuni. Ukipata homa katika wiki mbili zinazofuata, nenda kituo cha afya.

Nasikia mbu naye ana ngao?

Anayo, juu ya kifua. Mbu aina ya Aedes aegypti, anayeeneza dengi na homa ya manjano, ana mistari myeupe pale yenye umbo la nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo. Huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku pekee hakitoshi. Mitungi ya maji ifunikwe, na matairi yaliyotupwa uani yaondolewe.

Daktari wa masikio alitaja skutumu kwenye picha ya mtoto wangu. Ana kupe sikioni?

La. Ni ncha ya mfupa iliyo juu ya kiwambo cha sikio. Huangaliwa kwa sababu uvimbe wa ngozi uitwao kolesteatoma huanza mapema kuila. Dalili zake ni usaha wenye harufu mbaya usiokoma na kusikia kunakopungua. Matibabu yake ni upasuaji. Matone ya dukani hayauondoi, na ukiachwa unaweza kula mifupa ya kusikia hadi karibu na ubongo. Mtoto anayetokwa usaha sikioni kwa zaidi ya wiki mbili apelekwe kwa daktari.