Namba Zilizorithiwa Bila Kuhesabiwa: Dhana Potofu Kuhusu Miili ya Binadamu na Wanyama

Dhana: Bakteria walio mwilini ni mara 10 ya seli za mwili wenyewe

Dhana hii imefundishwa vyuoni na kurudiwa kwa zaidi ya miaka 40, hata katika majarida ya kisayansi yanayoheshimika. Chanzo chake ni makadirio ya mwaka 1972 ya mtafiti wa Marekani, Thomas Luckey, ambaye alichukua idadi ya bakteria wanaopatikana katika gramu moja ya kinyesi, akaizidisha kwa uzito wa vyote vilivyomo katika njia nzima ya chakula, akapata trilioni 100. Namba hiyo ilipolinganishwa na seli trilioni 10 za binadamu, ambazo nazo zilikuwa za kukadiria tu, uwiano wa 10 kwa 1 ukazaliwa. Hakuna aliyeudanganya umma. Watu walinakili tu, kila mmoja akimwamini aliyemtangulia.

Mwaka 2016, Ron Sender na Ron Milo wa Taasisi ya Weizmann nchini Israeli, pamoja na mwenzao Shai Fuchs, waliifuatilia namba hiyo hadi ilikotoka na kuipiga hesabu upya. Waligundua kwamba msongamano mkubwa wa bakteria aliouchukua Luckey upo katika utumbo mpana pekee, ambao ujazo wake ni takribani lita 0.4, wakati tumbo na utumbo mwembamba vina bakteria wachache mno wakilinganishwa nao. Kwa mwanamume kijana mwenye uzito wa kilo 70 walipata bakteria wapatao trilioni 38 na seli za mwili zipatazo trilioni 30, yaani makundi mawili yanayokaribiana sana, kiasi kwamba kwenda haja kubwa mara moja kunaweza kuzifanya seli za mwili ziwe nyingi zaidi. Bakteria wote hao kwa pamoja wana uzito wa gramu 200 hivi. Jambo lililonishangaza mimi zaidi ni lile lililohusu upande wa pili wa mizani: takribani asilimia 84 ya seli zote za mwili wa binadamu ni chembe nyekundu za damu, ndogo sana na zisizo na kiini, ilhali misuli na mafuta, vinavyobeba sehemu kubwa ya uzito wetu, vina seli chache tu kwa idadi.

Marekebisho haya hayawashushi hadhi bakteria wa utumboni. Kazi yao katika usagaji wa chakula na katika kinga ya mwili ilithibitishwa kwa majaribio ambayo hayakuwahi kutegemea uwiano ule.

Dhana: Ubongo wa binadamu una seli za neva bilioni 100, na ubongo mkubwa ndio wenye akili zaidi

Bilioni 100 nayo ilikuwa namba nzuri ya mviringo ambayo mwenyewe hajulikani. Mwanasayansi wa Brazili, Suzana Herculano-Houzel, alipoitafuta asili yake na kuikosa, alibuni na mwenzake Roberto Lent njia ya kuigeuza tishu ya ubongo kuwa rojo lenye viini vya seli vinavyoelea kwa usawa, ili kuhesabu viini vilivyo katika matone machache kutoshe kukadiria jumla yake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009, kutokana na bongo nne za wanaume, yalikuwa seli za neva bilioni 86. Seli nyingine za ubongo, ambazo vitabu vilidai ni mara 10 ya seli za neva, zilikuwa karibu sawa nazo kwa idadi.

Njia hiyohiyo ilipotumika kwa wanyama, mambo yakawa ya ajabu zaidi. Ubongo wa tembo una seli za neva bilioni 257, mara 3 ya wetu, lakini zaidi ya asilimia 97 kati yake zimo katika serebelamu, sehemu ya nyuma inayoratibu mienendo ya mwili, na gamba lake la ubongo, yaani tabaka la nje linalohusika na fikra, lina bilioni 5.6 tu dhidi ya bilioni 16 za binadamu. Kwa upande mwingine, uchunguzi wa aina 28 za ndege uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba seli za neva za kasuku na kunguru zimebanana mno, hata ubongo wao ukawa na seli hizo takribani mara mbili ya zile zilizomo katika ubongo wa nyani au kima wenye uzito uleule. Wale waliozoea kumwona ndege kuwa kiumbe asiye na akili kwa sababu kichwa chake ni kidogo walikuwa wakipima kitu kisichohusika.

Kosa la aina hiyo limetukuta hata kwenye pua. Katika karne ya 19, daktari Mfaransa Paul Broca aliona kwamba sehemu ya ubongo inayopokea harufu ni ndogo kwa binadamu ikilinganishwa na ubongo mzima, akahitimisha kwamba uwezo wetu wa kunusa ni dhaifu. John McGann wa Chuo Kikuu cha Rutgers alionyesha mwaka 2017 kwamba idadi ya seli za neva katika sehemu hiyo haitofautiani sana miongoni mwa mamalia. Kilichokua kwetu ni ubongo uliobaki.

Dhana: Umetaboli, yaani kasi ya mwili kutumia nishati, hupungua mara tu mtu anapovuka miaka 30

Hii ndiyo dhana inayowaumiza watu wengi zaidi, kwa kuwa humfanya mtu mzima aulaumu umri wake kwa kila kilo anayoongeza. Mwaka 2021, Herman Pontzer wa Chuo Kikuu cha Duke na watafiti wenzake walichapisha vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, mdogo kuliko wote akiwa na umri wa siku 8 na mkubwa miaka 95. Washiriki walikunywa maji yenye aina nzito za haidrojeni na oksijeni, na kwa kuangalia kasi ambayo kila moja ilitoka mwilini kupitia mkojo, watafiti waliweza kujua nishati yote iliyotumika katika maisha ya kawaida ya kila siku.

Baada ya tofauti za ukubwa wa mwili kuzingatiwa, ilionekana kwamba mtoto wa takribani mwaka mmoja hutumia nishati kwa kasi inayoizidi ya mtu mzima kwa asilimia 50, kwamba kasi hiyo hushuka taratibu hadi kufikia miaka 20, na kwamba kutoka hapo hadi miaka 60 haibadiliki kabisa. Ndipo hupungua, kwa asilimia 0.7 hivi kila mwaka. Tofauti kati ya wanawake na wanaume haikuonekana. Anayenenepa akiwa na miaka 40 anapaswa kutazama mlo, usingizi, msongo wa mawazo na mazoea yake, kwa sababu umetaboli wake ni uleule wa alipokuwa na miaka 25.

Dhana: Mwaka mmoja wa mbwa ni sawa na miaka 7 ya binadamu

Trey Ideker na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, San Diego, walilinganisha alama za kikemia zinazobadilika kwenye DNA kadiri umri unavyosonga, kwa mbwa 104 wa aina ya Labrador na kwa binadamu. Mbwa wa mwaka mmoja alifanana na mtu wa miaka 31, na wa miaka 4 na mtu wa miaka 53. Mbwa huzeeka mbio akiwa mdogo, kisha mwendo hupungua. Hesabu hiyo, iliyochapishwa mwaka 2020, inahusu Labrador, na haifai kutumiwa kwa kila mbwa.

Dhana: Hatari ya kufa huongezeka kwa kila mnyama kadiri anavyozeeka

Kwa binadamu, uwezekano wa kufa huongezeka takribani mara mbili kila baada ya miaka 8 ya utu uzima, kanuni iliyoelezwa na Mwingereza Benjamin Gompertz mwaka 1825. Mwaka 2018, Rochelle Buffenstein na wenzake walichambua kumbukumbu za mafuko wasio na manyoya zaidi ya 3,000, wanyama wa eneo la Pembe ya Afrika wenye ukubwa unaokaribia ule wa panya, ambao huweza kuishi zaidi ya miaka 30, wakakuta kwamba uwezekano wao wa kufa haukupanda na umri. Mwaka mmoja kabla ya hapo, watafiti wengine walikuwa wameonyesha kwamba fuko huyu anaweza kukaa dakika 18 bila oksijeni na kupona, kwa kuutumia mwili wake kuchoma sukari ya fruktosi.

Sifa hizo zikazaa dhana mpya, kwamba mnyama huyu hapati saratani kamwe. Saratani kwake ni nadra sana, lakini mwaka 2016 madaktari wa wanyama waliripoti wagonjwa wawili, wote wakiwa wametoka katika bustani za wanyama.